Ukurasa ambao Ignas Hakuufikia

Mwalimu Yustina alijua kwamba nyumba yao ya Kihonda ilikuwa rehani benki. Alichokuwa hajui ni kwamba tangu mumewe azikwe, deni lote lilikuwa limebaki mgongoni mwake.

Alikwenda benki wiki moja baada ya arobaini, amevaa kitenge cheusi, cheti cha kifo kimo ndani ya bahasha ya kaki. Alikwenda kama mtu anayefuata stempu tu ili jambo liishe. Miaka mitatu kabla, walipochukua mkopo wa kumalizia nyumba, afisa mikopo aliwaambia kwa mdomo wake kwamba bima iliyokatwa kwenye mkopo ule inawahusu wote wawili. "Mmoja akitangulia, atakayebaki hadaiwi hata senti," alisema. Sasa Ignas alikuwa ametangulia. Alianguka sokoni Nyandira, kule Mgeta, akipakia njegere kwenye lori la Dar es Salaam, na kabla hawajamfikisha zahanati alikuwa amekata roho. Presha, walisema.

Dada wa benki alikipokea cheti, akatazama kompyuta kwa muda, akaingia ndani, akarudi na faili.

"Pole sana, mama," alisema. "Bima hapa ni ya mkopaji mkuu peke yake, yule mwenye mshahara. Yaani wewe. Baba alikuwa mkopaji mwenza. Imeandikwa, ona, ukurasa wa nane."

Yustina aliona. Maandishi yalikuwa madogo lakini yalikuwa ya Kiswahili na yalisomeka. Kwenye kona ya chini palikuwa na sahihi mbili. Yake ilikuwa imelala kwa ulaini wa mtu aliyeandika ubaoni miaka thelathini. Ya Ignas ilikuwa herufi moja moja, zimesimama wima, kila moja na nafasi yake.

"Lakini tuliambiwa inatuhusu wote."

"Mliambiwa na nani, mama?"

"Na afisa wenu, Evance."

"Evance aliacha kazi hapa mwaka jana. Na alichowaambia hakimo kwenye mkataba."

Alirudi nyumbani kwa miguu, ingawa jua lilikuwa kali. Rejesho la kila mwezi lilikuwa kubwa kuliko mshahara wake ulivyoweza kubeba. Nusu yake ilikuwa ikitoka kwenye mboga za Ignas. Alijikongoja miezi mitatu, akauza jokofu, akauza na pikipiki ya marehemu. Mwezi wa nne ikaja notisi ya siku sitini: alipe malimbikizo yote au nyumba ipigwe mnada.

Nyumba ile haikuwa kitu cha kujivunia mbele za watu. Ilikuwa na vyumba vitatu, bati la kijani na baraza fupi inayoelekea milimani. Lakini Ignas aliijenga kwa sababu moja, na aliisema mara nyingi. Yeye alikuwa Mluguru. Mashamba ya Mgeta aliyoyalima yalikuwa ya ukoo wa mama yake, na mtu akifa, ardhi hubaki kwenye ukoo. Yustina alikuwa mtu wa Mahenge. "Nikifa hutapata hata tuta moja kule juu, Mwalimu," alikuwa akimwambia. Hakuwahi kumwita kwa jina lingine. "Hapa ndipo patakuwa pako."

*

Aliyemletea habari za kampuni alikuwa Stefano, mdogo wake Ignas, aliyekuwa fundi ujenzi pale mjini na ndiye aliyeipiga lipu nyumba yenyewe.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, shemeji. Karibu ukae."

Stefano hakukaa. Alitoa kipeperushi mfukoni, kimekunjwa mara nne. Kulikuwa na ofisi Msamvu, alisema, ghorofani, mkabala na stendi ya mabasi, ya watu waliokuwa wakiwadaia haki wakopaji waliodanganywa na mabenki. Rejesha Haki, ndivyo walivyojiita. Fundi mwenzake walimpigania hadi akarudishiwa pesa.

"Na wao wanachukua nini?"

"Ada kidogo ya kufungulia faili, halafu asilimia thelathini ya kitakachopatikana. Kisipopatikana, hawadai."

"Thelathini ni nyingi, Stefano."

"Sabini ni nyingi kuliko sifuri, shemeji. Benki haimwogopi mwalimu mjane. Inaogopa mhuri."

Siku iliyofuata alimweleza Shakila, mwalimu mwenzake wa hesabu, wakati wa mapumziko, wamekaa kwenye benchi nyuma ya ofisi ya walimu. Shakila alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Dada Yustina, kazi ya hao watu ni kuandika barua. Wewe unashindwa kuandika barua? Andika malalamiko yako mwenyewe, peleka benki, wakugongee nakala. Wakikukatalia, unapeleka Benki Kuu, wana dawati la malalamiko, na halichukui hata shilingi. Kaka yangu alifanya hivyo. Ilimchukua muda, lakini walimsikiliza. Utampaje mtu theluthi ya haki yako kwa jambo unaloweza kulifanya kwa kalamu yako?"

Yustina alijua kwamba Shakila anasema kweli. Jioni ile alikaa mezani na karatasi ya mistari, akaandika anwani yake, tarehe, na *Yah: Malalamiko*. Kisha akaandika: *Siku ya kutia sahihi mkataba, mimi na marehemu mume wangu tulifika benki saa tano asubuhi.* Hapo kalamu ikagoma.

Aliikumbuka siku ile yote.

Ignas aliacha shule darasa la pili. Walipooana alikuwa hawezi kusoma hata jina la basi, na ni Yustina aliyemfundisha, jioni baada ya jioni, kwa vitabu vya watoto alivyovitoa shuleni. Ilichukua miaka miwili. Baada ya hapo Ignas akawa mtu wa kusoma kila kitu: karatasi za mbegu, matangazo ya kanisani, gazeti lililofungiwa vitunguu. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza, na hakuruka neno.

Kwa hiyo pale benki, Evance alipowasukumia mkataba na kalamu, Ignas alivuta kiti, akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza na kuanza.

Foleni nyuma yao ilikuwa ndefu. Evance alisubiri, akatazama saa, akasubiri tena. Ignas alipofika ukurasa wa tatu, yule kijana akatabasamu. "Mzee, hizi ni za kawaida tu. Zote zinafanana. Mambo ya muhimu nimeshawaeleza." Ignas akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Ngoja nimalizie." Nyuma mtu akaguna. Mwanamke mmoja kwenye foleni alicheka, na Yustina alipogeuka akaona ni mzazi wa mwanafunzi wake, anaitazama midomo ya Ignas inavyotamka herufi. Yustina alihisi damu inampanda usoni. Akainama, akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, ile sauti anayoitumia kwa mtoto anayechelewesha darasa:

"Baba Editha, weka sahihi tu. Unatuaibisha."

Ignas alimtazama. Hakukasirika. Alikiondoa kidole ukurasa wa tano, akachukua kalamu, akatia sahihi kila alipoonyeshwa, ukurasa baada ya ukurasa, bila kusoma tena.

Hilo Yustina hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata padri. Na mezani pale alielewa kwamba barua ya kweli haiwezi kuandikwa bila kupita katika sentensi ile. Akaikunja karatasi. Asubuhi alimpigia Stefano simu na kumwambia waongozane kwenda Msamvu.

*

Mkuu wa ofisi aliitwa Pazi. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooka, sauti ya pole kama ya muuguzi. Aliusikiliza mkasa wote, akampa pole mara tatu, akaandika mambo machache kwenye daftari. Hakuuliza mengi. Alipouliza, "Marehemu alisoma hadi darasa la ngapi?" Yustina akajibu, "La pili," na Pazi akapigia mstari.

"Mama, jambo hili liko wazi," alisema. "Wewe kapumzike. Msiba unatosha. Sisi ndio tutahangaika."

Maneno hayo yalimwingia Yustina kama maji ya baridi. Tangu Ignas afe hakuna aliyemwambia akapumzike. Akatoa ada ya faili, akasaini karatasi mbili alizowekewa mbele, akashuka ngazi akiwa mwepesi kuliko alivyozipanda.

Zilipita wiki tatu. Simu ya Pazi ikawa inaita bila kupokelewa. Wiki ya nne, likizo fupi ilipoanza, Yustina alikwenda mwenyewe na kuomba nakala ya barua waliyoipeleka benki. Msichana wa mapokezi alimpa.

Aliisoma amesimama. Ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, imejaa vifungu vya sheria, na katikati iliandikwa hivi: *Marehemu mume wa mteja wetu alikuwa mtu asiyejua kusoma wala kuandika, na afisa wenu alitumia ujinga wake kumwekesha alama kwenye mkataba, mteja wetu akiwa hayupo.*

Aliisoma mara ya pili, kisha akaingia chumbani kwa Pazi bila kubisha.

"Nani aliyekwambia mume wangu alikuwa hajui kusoma?"

"Karibu, mama. Kaa kwanza."

"Nimekuuliza, baba. Nani?"

Pazi aliweka simu chini. "Mama, ulisema darasa la pili. Mtu wa darasa la pili ni kama hajasoma. Na barua za namna hii ndizo zinazoshinda. Mjane, mume hajui kusoma, benki kubwa. Ni lugha ya kazi tu."

"Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Benki haijui hilo."

"Nilikuwepo. Sahihi yangu iko pembeni ya sahihi yake, kurasa zote."

Pazi alishusha macho kwenye daftari lake, na hapo Yustina alielewa kwamba hata mkataba wenyewe hakuwa ameuomba benki akausoma.

"Nataka uifute barua hii, na mimi najitoa."

"Unaweza," Pazi alisema, bado kwa upole. Alifungua droo, akatoa karatasi alizosaini, akageuza ya pili. "Ila siku saba za kujitoa zimepita. Na kifungu hiki hapa: punguzo lolote litakalopatikana ndani ya mwaka mmoja, kwa njia yoyote ile, sisi tuna asilimia thelathini yetu. Ulisaini, mama."

Alisaini. Karatasi mbili tu, na hakuzisoma. Alisimama pale, mwalimu wa miaka thelathini, akitazama sahihi yake iliyolala kwa ulaini.

Siku nne baadaye benki ilijibu. Madai yote yamekataliwa, barua ilisema, kwa kuwa maelezo hayalingani na kumbukumbu: wakopaji wote wawili walikuwepo na wote wawili walisaini kwa mikono yao. Benki ilishangazwa na mtumishi wa umma kutoa maelezo ya uongo. Notisi iko palepale.

*

Stefano alipoambiwa, alijishika kichwa. "Ni mimi niliyekupeleka kule."

"Nilikwenda kwa miguu yangu."

"Shakila alikwambia uandike mwenyewe. Kwa nini hukuandika, shemeji? Wewe ndiye unayewaandikia barua ukoo mzima."

Wakati huo walikuwa barazani, mchana, na mawingu yalikuwa yameshuka hadi katikati ya mlima. Yustina alikuwa na majibu kadhaa ya kumpa. Alichosema ni kile cha kweli. Alimsimulia foleni, mwanamke aliyecheka, kidole cha Ignas kwenye ukurasa wa tano, na maneno aliyomwambia. Hakulia. Aliyasimulia kwa mpangilio, kama anavyoeleza ripoti ya darasa.

Stefano alikwangua saruji iliyokauka kwenye kucha zake.

"Alikuwa akitusomea na sisi," alisema hatimaye. "Akipanda Mgeta, anabeba gazeti. Mama anamwambia, soma upesi, nina usingizi. Tulikuwa tunamcheka wote."

Hakumwambia kwamba si kosa lake. Yustina alishukuru kwa hilo, maana asingeamini.

Jumatatu alimaliza barua. Aliandika kurasa mbili kwa mkono wake. Alieleza kwamba maelezo ya kampuni hayakuwa yake na anaomba radhi. Alieleza aliyoyasema Evance kuhusu bima, neno kwa neno. Aliandika pia: *Mume wangu alitaka kuusoma mkataba wote. Afisa alimharakisha, na mimi pia nilimharakisha. Angeachwa, angeufikia ukurasa wa nane, na asingesaini.* Shakila aliisoma, akamrudishia, akamkumbatia.

Aliyebaki kutafutwa alikuwa Evance. Shakila alimpata kwa kuulizia. Alikuwa na duka la fotokopi karibu na chuo cha kilimo. Walimkuta anapanga makaratasi ya wanafunzi. Alipomwona Yustina alisita, kisha akaja mbele ya kaunta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unanikumbuka?"

"Namkumbuka mzee. Miaka mitano nilikaa pale mezani, ni yeye peke yake aliyetaka kusoma mkataba mzima." Akatazama nyuma ya Yustina kama anayemtafuta mtu. "Hajambo?"

"Alifariki mwezi wa pili."

Evance alikaa juu ya ndoo ya rangi iliyokuwa pale. Alipoweza kusema alisema kwamba mwisho wa mwezi walikuwa wanahesabiwa mikopo waliyofunga, na kila mtu alifundishwa kuwaambia wanandoa kuwa bima inawahusu wote, maana ndivyo wanavyokubali haraka. Yeye mwenyewe aliamini hivyo mwanzoni. Siku ile alikuwa ameshajua.

"Utaliandika hilo?" Yustina aliuliza.

Kijana alifikiri. Kisha akachomoa karatasi moja kwenye mashine yake na kuanza kuandika pale pale juu ya kaunta, wanafunzi wakisubiri.

*

Benki ilikataa mara ya pili, na Yustina akapeleka barua yake, ushahidi wa Evance na majibu yote mawili ya benki kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu. Mnada ukasimamishwa kusubiri. Zilipita siku, akaitwa, akaulizwa, akajibu. Walimuuliza sana kuhusu barua ya Rejesha Haki: kwa nini mtu mwenye kweli mkononi aliruhusu apelekewe uongo? Alijibu kwamba aliona aibu. Yule bwana aliyekuwa akiandika aliinua kichwa, akamtazama, akaendelea kuandika.

Mwisho wake benki ilikubali kufuta adhabu zote na nusu ya deni lililokuwepo siku Ignas alipofariki. Haikukubali zaidi ya hapo, kwa kuwa mkataba ulikuwa umesainiwa. Shakila alishangilia kwenye simu. Lakini kabla wiki haijaisha ilikuja barua kutoka Msamvu, ya mhuri mkubwa, ikidai asilimia thelathini ya kilichofutwa. Mwanasheria mmoja aliyempa ushauri bila malipo alisema angeweza kwenda mahakamani kuipinga na pengine angeshinda, baada ya mwaka au miwili. Yustina alikuwa amechoka. Alikubaliana nao walipwe kidogo chini ya hapo, akasaini baada ya kusoma kila neno, Pazi akisubiri na kalamu yake hewani.

Alipojumlisha la benki na la kampuni, mshahara haukutosha. Aliiuza nyumba mwenyewe kabla hajauziwa, kwa mwalimu mmoja wa chuo aliyependa baraza. Kilichobaki kilitosha kiwanja kidogo Kingolwira, upande wa pili wa reli, na matofali ya chumba kimoja na sebule. Binti yake Editha alipiga simu kutoka Mwanza, anataka mama ahamie kwake. Yustina alisema atakuja Krismasi.

Stefano alijenga bila kuchukua ujira. Siku ya kuezeka alikuja na mama yake kutoka Mgeta, bibi wa miaka themanini na kitu, aliyepanda gari la mboga kutoka mlimani tangu alfajiri ili aone mkwewe anakaa wapi. Yule bibi alizunguka msingi mzima kwa fimbo yake, akachungulia chumba, akauliza choo kitachimbwa wapi. Kisha akakaa juu ya rundo la mchanga na kumwita Yustina karibu.

"Stefano ameniambia," alisema.

Yustina alipiga magoti kwenye mchanga. Alitaka kusema samahani, na kwa miezi yote ile alikuwa ameitunza samahani hiyo akidhani ni ya kumpa Ignas. "Mama," alianza. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kilio cha kutoka tumboni, hadi mafundi juu ya paa wakaacha kugonga.

Bibi hakumnyamazisha. Alimwekea mkono kichwani, mkono mgumu wa jembe, akauacha pale.

"Mimi nilimtoa shule," alisema baadaye, taratibu. "Darasa la pili. Nilitaka mtu wa kufukuza nyani shambani. Aliniomba siku tatu nimwache, na sikumwacha."

Wakakaa hivyo, wanawake wawili juu ya mchanga, kila mmoja na lake. Treni ya mizigo ikapita, ndefu, ikatikisa ardhi. Ilipokwisha, Stefano aliita kutoka juu kwamba misumari imekwisha, na Yustina akajifuta uso kwa khanga, akainuka kwenda dukani.